SOMO: Wi-Fi ya kompyuta inakatika na kurudi? Pima kwanza, usikimbilie kupiga Windows upya

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita dada mmoja aliniletea laptopu yake hapa Morogoro. Wi-Fi inakatika, inarudi yenyewe, baada ya dakika chache inakatika tena. Kabla ya kufika kwangu ilikuwa imeshapigwa Windows mara mbili na mafundi wawili tofauti, kila mmoja kwa malipo yake. Mara ya pili picha za mazishi ya baba yake zikapotea, maana hakuna aliyemuuliza kama kuna kitu cha kuhifadhi. Na tatizo halikuwa Windows hata kidogo. Lilikuwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea, nitauelezea huko chini.

Jambo hili limeniuma. Ndiyo maana naandika kwa kirefu, ili mwenye kompyuta ajue ugonjwa kabla ya kununua dawa.

HATUA YA 1: Jua inakatikia wapi

Mtandao wako una vipande viwili. Cha kwanza kinapita hewani, kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta, kile kifaa kinachotoa Wi-Fi. Cha pili kinatoka kwenye ruta kwenda kwa kampuni inayokuuzia bando, na kutoka hapo kwenda duniani. Mtu akisema "Wi-Fi inakatika" anaweza kuwa na shida kwenye kimojawapo, na dawa ya hiki haitibu kile.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

ipconfig

Shuka mpaka sehemu ya Wi-Fi, utafute mstari wa "Default Gateway". Namba iliyo pale ndiyo anwani ya ruta yako. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ruta nyingi za laini huwa 192.168.8.1. Andika amri hii inayoiuliza ruta bila kukoma kama ipo, ukiweka namba yako mwenyewe:

ping -t 192.168.1.1

Fungua dirisha jeusi la pili, andika:

ping -t 8.8.8.8

Hiyo ya pili ni anwani ya Google, iko nje kabisa ya nyumba yako. Panga madirisha yote mawili yaonekane, uendelee na shughuli zako. Mtandao ukikatika, yatazame kabla ya kufanya lolote.

Majibu yakikoma kwenye yote mawili, kosa liko hewani, kati ya kompyuta na ruta, au ruta yenyewe imezimika. Ukiona "General failure", kompyuta imeiachia Wi-Fi kabisa. Yakikoma kwenye lile la pili tu, huku ruta inaendelea kujibu, basi laptopu yako haina kosa, usiiguse. Angalia bando, angalia taa za ruta, kisha wapigie wanaokuuzia huduma. Na kama yote mawili yanajibu lakini kurasa hazifunguki, shuku DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Badilisha DNS ya kompyuta iwe 1.1.1.1 au 8.8.8.8 uone.

Tazama pia muda wa kujibu kwenye dirisha la kwanza. Ukikaa chumba kimoja na ruta, kwa kawaida inajibu kwa milisekunde chache tu. Ukiona zinapanda hadi mia tatu, mia tano, ndipo inakatika, ujue mawimbi yanasongwa au ni dhaifu. Ikikatika ghafla kutoka milisekunde 2, shuku kompyuta yenyewe.

HATUA YA 2: Iache Windows ikusimulie

Watu wengi hawajui kwamba Windows huweka kumbukumbu ya kila mara Wi-Fi ilipokatika. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya kulia, chagua "Run as administrator", kisha andika:

netsh wlan show wlanreport

Itatengeneza ripoti ya siku tatu zilizopita na kukuonyesha faili lake lilipo. Lifungue kwa kivinjari. Juu kuna mchoro, na kila palipokatika pamewekwa alama pamoja na saa. Ukishuka chini utakuta sababu. Ukisoma kwamba mtandao umekatwa na "driver" (draiva, programu inayoiendesha kadi ya Wi-Fi), tayari unajua pa kwenda: Hatua ya 4.

Andika zile saa kwenye karatasi. Sizidishi ninaposema karatasi. Ukiziona saa zimepangana, mwelekeo unajitokeza: kila baada ya saa moja kamili, au kila jioni majirani wanaporudi, au kila ukichomoa chaji. Nimepata majibu mengi kwenye karatasi kuliko kwenye programu yoyote.

HATUA YA 3: Kubana umeme

Kama inakatika zaidi ukiwa kwenye betri, anzia hapa. Fungua "Device Manager", nenda "Network adapters", bofya mara mbili jina la kadi yako ya Wi-Fi, kisha "Power Management". Ondoa tiki kwenye mstari unaoiruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Kwenye laptopu mpya mpya sehemu hiyo inaweza isiwepo, usihangaike nayo.

HATUA YA 4: Draiva

Chukua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, kwa modeli yako kamili. Achana na zile programu zinazojinadi kwamba zinatafuta draiva zote kwa mpigo, nimeondoa uchafu wao kwenye mashine za watu mara nyingi mno. Kama shida ilianza baada ya Windows kujisasisha, rudi "Device Manager", kwenye ukurasa wa "Driver" ubonyeze "Roll Back Driver". Anza na kurudi nyuma, ndipo ujaribu draiva mpya.

HATUA YA 5: Hewa yenyewe

Andika:

netsh wlan show interfaces

Tazama "Signal" na "Channel". Asilimia 80 na kuendelea uko salama. Ikishuka chini ya 50, kukatika si ajabu, na hakuna draiva itakayokuokoa. Sogeza ruta.

Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Nyumba za kupanga zenye ruta nane ukuta kwa ukuta, zote zinagombania hizo tatu. Ingia kwenye ruta, weka ile yenye msongamano mdogo. Kama ruta na kompyuta zinakubali 5 GHz, hamia huko. Ila ujue haipenyi kuta vizuri.

Kuna adui mwingine hapa ambaye watu hawamshuku: vifaa vya USB 3. Mwaka 2012 Intel walichapisha maelezo wakionyesha kwamba vifaa hivyo na waya zake hutoa kelele inayoangukia humohumo kwenye 2.4 GHz. Nimeliona mwenyewe kwa mteja anayehariri video za harusi. Wi-Fi yake ilikuwa ikikatika wakati wa kuhamisha mafaili tu. Diski yake ya nje ilichomekwa kwenye tundu la buluu la USB 3 upande wa kushoto, na waya wake mfupi uliifanya ilale imegusa laptopu. Tulichomeka waya mrefu zaidi, tukaisogeza diski pembeni karibu nusu mita, asilimia za mawimbi zikapanda mbele ya macho yetu. Hakulipa kitu siku hiyo.

HATUA YA 6: Waya wa antena

Sasa turudi kwa yule dada. Laptopu nyingi zinaweka antena juu ya kioo. Kutoka kwenye kadi ya Wi-Fi hutoka waya mbili, kwa kawaida mmoja mweusi na mwingine mweupe, zinapita kwenye bawaba na kupanda pembezoni mwa kioo. Kila ukifungua na kufunga, zinajikunja mahali palepale. Mashine za mtumba, ambazo ndizo wengi wetu tunatumia, zimeshafunguliwa na kufungwa maelfu ya mara kabla ya kutufikia.

Kipimo chake hakihitaji bisibisi. Washa ile ping ya ruta, kisha usogeze kioo mbele na nyuma taratibu. Kwa yule dada, kila kioo kilipofika kama nyuzi mia hivi, majibu yalikoma. Nikikirudisha kidogo, yanarudi. Nilipofungua fremu nikakuta waya mweusi umebanwa na chuma cha bawaba, ganda limechubuka, shaba inang'aa. Nikatoa waya kwenye laptopu nyingine iliyokufa ubao mkuu, nikaubadilisha. Siku ya sita leo haijakatika.

Kama laptopu yako ilianza shida baada ya kubadilishiwa kioo, kibodi au feni, mwambie fundi akague vichwa vya waya hizo kwenye kadi. Ni vidogo kuliko punje ya mchele, na visipobonyezwa mpaka vilie "ta", vitachomoka.

Ukishindwa kote, ndipo utumie "Network reset" iliyomo kwenye mipangilio ya mtandao. Itafuta nywila zote za Wi-Fi zilizohifadhiwa, ziandike kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Dodoma: Mkuu, simu yangu haikatiki hata siku moja kwenye ruta hiyohiyo, ila laptopu tu. Si ina maana ruta ni nzima?

Jibu: Huenda, lakini simu inadanganya. Wi-Fi ikizingua, inahamia kwenye bando la laini kimyakimya na wewe huoni tofauti. Zima data ya simu, tumia Wi-Fi peke yake kwa saa nzima, kisha uje utuambie.

Mwanachama, Arusha: Nimeandika hiyo ya netsh interfaces, inaniambia nitoe ruhusa ya mahali nilipo. Ni virusi?

Jibu: Si virusi, ndugu. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inataka huduma ya mahali iwashwe kabla ya kuonyesha habari za Wi-Fi. Iwashe kwenye mipangilio ya faragha, pima, kisha uizime ukitaka.

Mwanachama, Kigoma: Nimefanya ya karatasi. 9:14, 10:14, 11:14. Kila saa! Nini hiki?

Jibu: Safi sana, umefanya kazi ya fundi. Ruta nyingi hubadilisha ufunguo wa pamoja wa usalama kila sekunde 3600, yaani saa moja. Draiva mbovu hushindwa kuupokea ufunguo mpya na kuachia. Weka draiva mpya kwanza. Ikiendelea, tafuta kwenye mipangilio ya usalama ya ruta palipoandikwa "Group Key", uongeze muda. Usiondoe nywila kwa kudhani ndiyo dawa.

Mwanachama, Mombasa: Fundi, naishi nyumba ya zamani Mji wa Kale, kuta za matumbawe, nene kweli. Ruta iko sebuleni, mimi nalala chumba cha nyuma. Niliambiwa ninunue kifaa cha kurudia mawimbi, nimekiweka chumbani na bado inakatika.

Jibu: Pole. Kifaa hicho kinarudia kile kinachokipata. Ukikiweka mahali mawimbi yameshafifia, kitakutangazia ufifu uleule kwa nguvu. Kiweke katikati, kwenye ukumbi, pale ambapo laptopu bado inaonyesha asilimia 70. Dawa kamili kwa kuta hizo ni kuvuta waya wa mtandao mpaka chumbani na kuweka ruta ya pili huko. Waya hauulizi unene wa ukuta.

Mwanachama, Mbeya: Mimi natumia kompyuta ya mezani, nina kale kadude ka USB ka Wi-Fi nimekachomeka nyuma.

Jibu: Hapo antena yako imefichwa nyuma ya sanduku la chuma, katikati ya waya zote. Nunua waya wa kurefusha USB, ukatoe kadude juu ya meza. Ni matengenezo ya bei ndogo.

Mwanachama, Bujumbura: Na sisi tunaotumia Ubuntu badala ya Windows je?

Jibu: Fungua faili la /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf kwa sudo. Penye wifi.powersave = 3 weka 2, kisha uwashe upya NetworkManager. Hapo umezima kubana umeme. Vipimo vya ping ni vilevile, isipokuwa huko huhitaji -t.

Mwanachama, Mwanza: Kwangu friji likiwaka tu, watu wote nyumbani mtandao unakata kama dakika mbili. Laptopu, simu, runinga, vyote.

Jibu: Friji likianza kuvuta umeme, tazama ruta. Taa zote zikizimika na kuanza upya, umeme umeshuka na ruta imejiwasha tena. Zile dakika mbili ni muda wake wa kuamka. Mara nyingi ni adapta yake imechoka. Soma nyuma ya ruta inataka volti ngapi na ampea ngapi. Volti ziwe zilezile kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi. Ukipata ile UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, chomeka, na hata umeme ukikatika nyumba nzima utamaliza kikao chako. Ila tenganisha pia soketi, friji lisikae kwenye kebo moja na ruta.

Mwanachama, Mwanza: Nimeangalia sasa hivi, taa zimezimika kweli. Adapta imeandikwa 12V 0.5A, ruta inataka 12V 1A.

Jibu: Hiyo si adapta yake, kuna aliyeibadilisha. Tafuta ya 12V 1A kesho, na hakikisha kichwa chake kinaingia bila kulegea.