Joto kali kwenye njegere: hasara huanza kabla ua halijafunguka

Njegere ni zao la hali ya ubaridi. Hustawi joto likiwa kati ya nyuzi 13 na 21 za sentigredi. Likifika 27 na kuendelea wakati mimea imetoa maua, mavuno huanza kushuka. Mara nyingi mkulima huona maua yakipukutika, akashuku wadudu na kukimbilia bomba la dawa. Dawa haitasaidia kitu, kwa sababu madhara yalishatokea siku kadhaa nyuma.

Njegere hujichavusha yenyewe, na chavua humwagika takriban siku moja kabla ua halijafunguka. Kwa hiyo sehemu inayoumia zaidi ni tumba, ambalo wengi hata hawalitazami wanapokagua shamba. Joto la mchana likizidi nyuzi 30 kwa siku kadhaa mfululizo, chavua huota kwa shida na baadhi ya mbegu changa ndani ya ganda hufa. Pasua maganda machache kutoka sehemu mbalimbali za shamba. Ukikuta punje 3 zilizojaa na katikati yake vijipunje vilivyosinyaa, huku mmea wenyewe hauna ugonjwa wala haukukosa maji, joto ndilo la kushukiwa kwanza.

Punje zikishapita hatua hiyo ya kufa, joto halipunguzi tena idadi yake bali ukubwa. Mmea huharakisha kukomaa, muda wa kujaza punje hufupika na sukari hugeuka wanga upesi. Anayeuza njegere mbichi asisubiri ratiba yake ya kawaida: siku za joto achume kila baada ya siku 1 au 2, alfajiri, na mazao yakae kivulini mara moja. Ganda lililokuwa laini jana linaweza kuwa na punje za ungaunga kesho.

Kwa mzalishaji wa mbegu kuna tatizo lisiloonekana kwa nje. Joto likiikuta punje ingali kijani kisha ikauka haraka, uso wa ndani wa nusu zake mbili hubonyea na kuacha uwazi katikati. Aina zenye punje za mikunjo hupata kasoro hii zaidi ya zile laini. Mbegu ya namna hiyo huweza kuota vizuri kwenye karatasi nyevu na kumdanganya mwenye nayo, lakini mche wake hutoka dhaifu. Katika udongo wa baridi wenye maji mengi, mbegu dhaifu huvujisha sukari, na sukari hiyo huwaita kuvu wa kuozesha.

Kinga kubwa kuliko zote ni tarehe ya kupanda. Usianze kuhesabu na siku ya kwanza ya mvua. Anza na kipindi cha joto kali unachokitarajia, kisha rudi nyuma. Tangu ua kufunguka hadi kuchuma mbichi ni kama wiki 3. Ongeza hapo siku ambazo aina yako huchukua hadi kutoa maua, na uache siku za ziada kwa msimu usiotabirika. Kama nafasi ni finyu, chagua aina ya muda mfupi. Aina inayoendelea kutoa maua kwa muda mrefu nayo ina faida yake: wimbi moja la joto likiharibu maua ya chini, ya juu huweza kufidia kiasi, mradi unyevu upo.

Panda kina cha sentimita 3 hadi 5, kisha miche ikishasimama tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 5 bila kugusa mashina. Udongo uliofunikwa hupoa, na vinundu vya mizizi huendelea kunasa nitrojeni ya hewani. Udongo ukizidi nyuzi 30 kazi hiyo hudorora. Maji yapewe kipaumbele tangu matumba yanapotokea hadi maganda yanapojaa. Mwagilia asubuhi na mapema, maji yafike kwenye mizizi; kunyunyizia juujuu kila siku hakufiki kina kinachohitajika. Mmea wenye maji ya kutosha hupoza majani yake kwa kupumua mvuke, ila ukituamisha maji mizizi hukosa hewa na hali huwa mbaya zaidi. Usiongeze mbolea nyingi ya nitrojeni ukidhani utaokoa maua, maana utapata majani tu.

Mbegu ikishapurwa na kukaushwa kivulini penye upepo hadi unyevu wa asilimia 12 au 13, ipime kabla ya kuihifadhi. Funga punje 100 ndani ya kitambaa chenye unyevu hadi kesho yake, zimenye, tenganisha nusu mbili na kutazama uso wa ndani. Panda nyingine 100 kwenye udongo halisi wa shamba, si karatasi, na uhesabu miche yenye nguvu peke yake. Zikionekana punje nyingi zenye uwazi na miche ikawa hafifu, peleka shehena hiyo jikoni.