Tuni gitaa kwa mlio wa kengele

Wapiga gitaa wa huku Mikindani mnajua hewa ya chumvi inavyokula nyuzi. Simu ikiisha chaji na huna kipimo cha kutunia, fanya hivi.

Gusa uzi wa E mnene juu kabisa ya chuma cha freti ya 5 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Gusa tu, usibonyeze. Piga, ondoa kidole papo hapo: utasikia mlio mwembamba kama kengele. Fanya vivyo hivyo kwenye freti ya 7 ya uzi wa A, milio yote miwili isikike pamoja. Milio ikipishana utasikia wimbi, wau-wau-wau. Zungusha kikazio cha uzi wa A polepole mpaka wimbi lipungue kasi, lakini lisife kabisa.

Freti ya 5 ni robo ya uzi, kwa hiyo uzi unatetema vipande 4: E ya Hz 82.4 (mitetemo kwa sekunde) inatoa 329.6. Freti ya 7 ni theluthi, vipande 3: A ya 110 inatoa 330. Kumbe hazilingani kabisa! Acha wimbi moja la taratibu kila karibu sekunde 3, A ikiwa juu kidogo. Ukiliua, kosa linajilimbikiza uzi hadi uzi.

A na D, D na G, ni hivyo hivyo, ila wimbi la kuacha lina kasi zaidi kidogo. G na B haikubali. B iliyo wazi ilinganishe na kengele ya freti ya 7 ya E mnene.

Na futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu kila mkimaliza kupiga, jamani. Uzi wenye kutu uzito wake hauko sawa, kengele zake zinadanganya.