Kufungua kopo kwa FRED (au P-38) bila kujikata vidole

Juzi rafiki yangu kaniletea ki-FRED chake huku kidole kimefungwa plasta, eti hiki kitu ni kibovu. Nikamwambia lete kopo. Kopo likafunguka. Sio kwamba mimi fundi sana, mara yangu ya kwanza nilihangaika nacho karibu saa zima nikiwa na njaa, ndo maana naandika.

Kwa asiyekijua, FRED ni kile kidude cha chuma wanachopewa askari wa Australia kwenye pakiti za chakula cha vitani: kijiko, opena ya kopo na opena ya chupa kwenye kipande kimoja. Jina ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kifaa cha kulia mgao wa vitani, ila askari wenyewe herufi F wameigeuza tusi na R wakaifanya "cha kuchekesha". Ndugu yake wa Marekani ni P-38, ilibuniwa 1942 kule Chicago, hiyo ni opena tupu haina kijiko. Kukata ni kulekule.

Hatua ya 1. Futa juu ya kopo. Kiwembe kinaingia kwenye chakula, kwahiyo vumbi lote la juu unalila wewe.

Hatua ya 2. Kunjua kiwembe mpaka kisimame kabisa, kama herufi L.

Hatua ya 3, hapa ndo watu wanakwama. Angalia vizuri, karibu na kiwembe kuna kijipengo kidogo. Watu wengi hata hawakioni, wanachukua kiwembe wanaanza kutoboa toboa juu ya kopo kama wanachimba kisima, na mimi nilifanya hivohivo, nikatoboa matundu sita yasiyoungana alafu mkono ukateleza. Kile kijipengo ndo kazi yote! Kinatakiwa kiingie CHINI ya ule ukingo uliovimba wa kopo, kwa nje, na kiwembe kibaki kwa ndani, yaani ukingo umebanwa katikati. Ukivuta kidogo ukaona kimeng'ang'ania, umepatia. Kikichomoka, rudia, usianze kukata.

Sasa pindisha kifundo cha mkono kama unageuza funguo mlangoni. Usisukume kwa bega. Utasikia "tk", kiwembe kimezama. Rudisha mkono, sogeza opena mbele kidogo sana, pindisha tena. Ukitamani kwenda haraka ukaruka nafasi kubwa, kati ya tundu na tundu kinabaki kipande cha bati hakijakatika na kurudi kukikata ni mateso. Inasemekana P-38 imeitwa hivo kwasababu kopo la mgao lilihitaji kung'atwa mara 38, wengine wanasema ni urefu wake wa milimita 38, mimi sijali ipi ni kweli ila ile hesabu inakupa picha: ni ving'ato vingi vidogo.

Kama unatumia kulia, kopo linazunguka kinyume cha saa. Wa kushoto geuza kila kitu: opena mkono wa kushoto, kiwembe kikuelekee wewe, kopo lizunguke kama saa. Rafiki yangu ni wa kushoto na alikuwa anaiga video ya mtu wa kulia, plasta ikajieleza yenyewe.

Alafu makopo mengi ya siku hizi chini yamekunjwa mviringo, hayana ukingo. Usigeuze, kijipengo hakina pa kushika. Na kama ndani kuna maji au mchuzi mwingi toboa kwanza tundu moja upande wa pili hewa ipite, la sivyo utajimwagia.

Hatua ya 4. Usimalize mzunguko. Acha kama upana wa kidole, kisha inua kifuniko kwa kijiko (sio kwa kucha!) ukikunje nyuma. Kikikatika chote kinazama kwenye chakula na hapo ndo vidole vinaliwa.

Hatua ya 5. Kula. Kijiko cha FRED ni kidogo mno kwa supu, kwa maharage kinatosha. Bado nakipenda kuliko P-38 kwasababu mkono unapata kitu cha kushika, ile P-38 ni ndogo kidole gumba kinauma, ukiitaka ya hivo bora uchukue P-51, ndefu zaidi na haikuchoshi. Kisu usilete kabisa, utakiharibu ncha bure.

Hatua ya 6. Osha palepale kwa maji ya moto, hasa kwenye bawaba, mafuta yakigandia pale kiwembe hakikunjuki tena. Ukivaa P-38 kwenye mnyororo shingoni kama walivyozoea askari, jua kwamba ina tabia ya kujikunjua yenyewe ikakuchoma kifua ukiwa umelala. Yangu naizungushia raba bendi.