Ndoo Mbili na Nusu Kilo ya Minyoo: Mboji Jikoni, Ghorofa ya Tatu

Nakaa Kinondoni, ghorofa ya tatu, sina hata kipande cha ardhi cha kuchimba shimo. Gari la taka hupita likijisikia, na kwa joto la Dar es Salaam mfuko wa maganda ukilala siku mbili, majirani wanajua ulipika nini. Ndiyo maana chini ya meza yangu ya jikoni kuna ndoo ya minyoo wanaokula maganda na kuyageuza mboji, yaani mbolea ya mimea, mwaka wa nne sasa. Hainuki. Wageni huigonga kwa magoti bila kujua ndani kuna nini.

Kabla ya yote: minyoo hawana meno. Hawang'ati ganda bichi, wanakula lililoanza kulainika na kuoza, pamoja na vijidudu vinavyoliozesha. Kazi yako ni kuhakikisha chakula hakiozi haraka kuliko wanavyokula. Makosa karibu yote niliyoyaona, yangu yakiwa mbele, yanaanzia hapo.

Hatua ya 1: Tafuta minyoo wanaofaa

Usichimbe bustanini. Wale wakubwa wa kijivu wamezoea kushuka chini ardhini, kwenye ndoo watadhoofika. Unaowataka ni wembamba wekundu wanaoishi juujuu kwenye samadi na majani yanayooza, ambao wataalamu huwaita Eisenia fetida. Wapo pia wanene kidogo, Eudrilus eugeniae, asili yao Afrika Magharibi, nao huvumilia joto vizuri zaidi. Wewe wa pwani ukiwapata hao, chukua. Wafugaji huuza kwa kilo. Nusu kilo inatosha nyumba ya watu wawili watatu.

Hatua ya 2: Toboa ndoo

Chukua ndoo mbili za lita 20 zinazoingiana, zisizopitisha mwanga. Pasha msumari jikoni, ushike kwa koleo, toboa matundu kama 20 kwenye kitako cha ndoo moja, mengine kuzunguka shingo yake na kwenye mfuniko. Fungua dirisha, plastiki ikiungua inatoa moshi mbaya. Ndoo nzima iwe chini, weka kipande cha tofali ndani yake, kisha shusha yenye matundu juu. Maji yakizidi yatachuruzika chini.

Hatua ya 3: Matandiko

Chana maboksi ya kahawia na trei za mayai, vipande vya upana wa kidole. Maboksi yenye mng'ao wa plastiki acha. Usumba wa makumbi ya nazi ni mzuri sana, ila uloweke na kumwaga maji mara mbili tatu kwanza, maana mara nyingi una chumvi. Ongeza konzi mbili za udongo: chembe za mchanga ndizo zinazowasagia chakula tumboni.

Lowesha yote, halafu minya konzi moja. Yatoke matone mawili matatu tu, iwe kama machicha uliyokwisha kukamua tui. Mnyoo anapumua kwa ngozi. Pakikauka anakufa, pakijaa maji anakosa hewa. Jaza hadi nusu ya ndoo, acha siku mbili, kisha wamwage minyoo juu. Watazama wenyewe. Usiku wa kwanza acha taa inawaka, kwa sababu wakiwa wageni hupenda kutoroka na mwanga unawarudisha ndani.

Hatua ya 4: Lisha kidogo

Wiki ya kwanza, konzi moja ya maganda basi. Fukua pembeni, fukia, funika kwa matandiko. Siku tatu nne baadaye chungulia: kama bado kuna maganda, subiri. Wakishazoea, nusu kilo ya minyoo inaweza kumaliza hadi robo kilo kwa siku, lakini mimi siwafikishi huko.

Wanachopenda: maganda ya ndizi, tikiti, papai, mashina ya mchicha, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyosagwa. Kata vipande vidogo. Wasichotaka: ndimu na machungwa mengi, vitunguu, pilipili, nyama, dagaa, maziwa, na chochote chenye chumvi au mafuta. Wali wa nazi uliobaki mpe kuku wa jirani.

Na machicha ya nazi. Hapa nikueleze vizuri. Sikukuu moja nilikuna nazi sita, nikaona machicha yale meupe yanaenda bure, nikayamwaga yote ndooni. Alfajiri mama akaingia jikoni kuchukua maji ya udhu. Nikasikia, "We mwanangu, njoo uone wadudu wako!" Minyoo walikuwa wametapakaa sakafuni, wengine wamepanda hadi kwenye mtungi wa gesi. Nilipotia mkono ndooni, katikati palikuwa pa moto kama uji. Machicha yana mafuta, na yakirundikana yakaanza kuoza yanachemka. Siku hizi nayaweka kijiko kimoja, nayatawanya, au siyaweki kabisa.

Hatua ya 5: Joto

Eisenia wanastarehe kati ya nyuzi 15 na 25. Zikipita 30 wanateseka, zikifika 35 wanakufa. Januari hadi Machi hapa kwetu ni mtihani. Ndoo ikae sakafuni kwenye vigae, mbali na jiko na friji, imevikwa gunia bichi. Mchana mkali nalaza juu ya matandiko chupa ndogo ya maji yaliyogandishwa. Miezi hiyo punguza chakula nusu.

Dalili za matatizo ni chache. Ikinuka, umelisha kupita kiasi au pameloa: acha kulisha, ongeza maboksi makavu, koroga taratibu. Vijinzi vya matunda vinakuja na maganda. Yagandishe usiku mmoja, mayai yao yatakufa. Sisimizi maana yake ni pakavu: lowesha, na isimamishe ndoo juu ya matofali ndani ya beseni la maji.

Hatua ya 6: Kuvuna

Baada ya miezi mitatu au minne utaona kitu cheusi kinachofanana na kahawa iliyosagwa, kinachonukia udongo wa mvua. Mwaga kwenye nailoni mahali penye mwanga, fanya vichuguu vidogo. Minyoo wanakimbia mwanga, wanashuka. Subiri dakika kumi, komba juu, subiri tena. Mwishoni chini unabaki na fundo la minyoo. Ukiona vijipunje vya rangi ya asali, vidogo kuliko punje ya mchele, hivyo ni vifuko vya mayai. Virudishe na minyoo kwenye matandiko mapya.

Kwa miche nachanganya sehemu moja ya mboji na nne za udongo. Maji ya ndoo ya chini watu wanayauza kama dawa ya ajabu. Mimi nayaona ni maji machafu yenye rutuba kidogo: yapunguze mara kumi, mwagilia maua, usiyamwage kwenye majani ya kachumbari.

Ukisafiri wiki mbili usiwaachie shehena ya chakula. Konzi mbili, maboksi mabichi ya kutosha juu, funika, nenda zako. Wakimaliza maganda watakula boksi.