Bajeti ya kaskazi na kusi: somo kwa anayelipwa kwa msimu

Assalam aleikum wanachama. Masomo mengi ya bajeti huandikiwa mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Nahodha wa Shela, mvuvi wa Kizingitini na mpishi wa nyumba za wageni huku kwetu Lamu hawapati pesa hivyo. Kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, ikivuma, Desemba hadi Machi, wageni wapo na bahari inaendeka. Kusi, upepo utokao kusini, ikishika, Mei na Juni, kazi hukauka na mashua hupandishwa pwani. Ukipanga mwezi kwa mwezi, Januari utajiona tajiri na Juni utajiona mzembe, na yote mawili si kweli. Panga mwaka mzima, kisha uugawe.

Hatua ya kwanza: andika pesa zinavyotoka kweli. Chukua daftari, andika kila shilingi kwa mwezi mmoja bila kujibana. Mirungi iandikwe mirungi, isifichwe ndani ya "mengineyo". Deni la dukani liandikwe siku ulipochukua unga, si siku utakayolipa. Halafu omba taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita uangalie ada peke yake. Kwa viwango vya sasa, kutoa shilingi 500 kwa wakala ni ada ya 29, na kutoa 2,000 pia ni 29. Anayetoa 500 mara nne amelipa 116 kwa pesa ile ile. Hapa ndipo wengi hushtuka, kwa hiyo msipaharakishe.

Hatua ya pili: jilipe mshahara. Tuseme nahodha anaingiza 42,000 kwa mwezi katika miezi 5 mizuri, na 15,000 katika miezi 7 iliyobaki, gharama za chombo zikiwa zimeshatolewa. Mwaka mzima ni 315,000. Ukigawa kwa 12 utapata 26,250, lakini asijilipe zote, ajilipe 24,000. Kila mwezi mzuri ataweka 18,000, jumla 90,000. Miezi migumu atapungukiwa na 9,000 kila mwezi, jumla 63,000. Zinabaki 27,000 za karo, Idi na kukalafati mashua, yaani kuziba nyufa zake. Kwa maoni yangu hii ndiyo hesabu muhimu kuliko zote. Nyumba iliyozoea kula 24,000 mwaka mzima haina haja ya kukopa Juni.

Hatua ya tatu: pesa ya kusi isikae kwenye laini unayonunulia mkate. Ifungie M-Shwari, akaunti ya akiba ya M-Pesa, kwa muda maalumu, au, kwa anayejiepusha na riba, benki inayofuata sharia kama Gulf African Bank. Walio kwenye mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ombeni zamu ya Mei au Juni. Watu hugombea Disemba, wakati pesa ipo tayari.

Hatua ya nne: tumia kalenda mbili. Karo hufuata Januari, lakini Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2030 inatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake, miaka hii futari, nguo za Idi na karo zinasogeleana. Anzeni kutenga ya Idi mara tu baada ya Idi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mvuvi, Kizingitini: Mwalimu, tajiri alinikopesha nyavu na mafuta. Samaki wote namuuzia yeye, na kwa bei ya chini. Bajeti itanifaa nini?

Ndugu yangu, anza kuandika tofauti ya bei. Ikiwa anakupunguzia shilingi 40 kwa kilo na unamletea kilo 300 kwa mwezi, mkopo ule unakugharimu 12,000 kila mwezi, juu ya deni lenyewe. Ukiiona namba hiyo utajua kwamba pesa ya kwanza ya kaskazi ni ya kumaliza deni, kabla ya simu mpya na kabla ya kuweka akiba. Na uzungumze naye kaskazi, wakati na yeye anahitaji samaki wako.

Mama wa Langoni: Dada, pesa ya maandazi ikiingia tu, Fuliza inaikata. Nimebaki kuzunguka.

Pole mamangu. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio lisipotosha, ndivyo ilivyo, hujilipa kwa chochote kinachoingia, na deni likikaa ada ya kila siku huongezeka. Kwa wiki kadhaa omba wateja wakulipe taslimu, ununue unga na mafuta kwa pesa hiyo, na kila jioni uingize kiasi kwenye laini kupunguza deni. Likiisha, jitoe kwenye huduma siku hiyo hiyo. Ukingoja kesho utakopa tena.

Kijana, Mokowe: Na Hustler Fund?

Huo ni mfuko wa mikopo wa serikali. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, mkopo wa mtu binafsi hulipwa ndani ya siku 14, na asilimia 5 ya mkopo huwekwa akiba. Ni nafuu kuliko mikopo mingi ya simu, lakini siku 14 hazifiki mwisho wa kusi. Usiitumie kwa chakula. Kama riba inakukera moyoni, kamuulize sheikh wako, si mimi.

Bi mmoja, Mkomani: Harusi, matanga, mgonjwa. Mtu akija mlangoni siwezi kumnyima.

Wala usimnyime. Weka fungu la watu ndani ya bajeti, tuseme 1,500 kwa mwezi, na ulitoe kwa moyo mkunjufu. Likiisha sema wazi: "Mwezi huu limekwisha, nikumbushe mwezi ujao." Mume wako na watoto wakubwa walijue, ili wasikuahidie watu pesa uliyokwisha kuigawa.