Kabla ya Kununua Gari la Porini la Milango Miwili Lenye Gia za Mkono

Magari ya porini ya milango miwili yenye gia za mkono ni machache Mwanza, na uchache huo ndio unaowaponza wanunuzi, kwa kuwa mtu aliyelitafuta kwa muda mrefu akiliona moja limeegeshwa Nyakato au Buzuruga hutoa malipo ya awali siku hiyohiyo, kabla hata hajachungulia chini yake. Kwa hiyo, amua ukiwa bado nyumbani gari litakwenda wapi. Anayepanda kila siku njia za mawe za vilimani anahitaji gari fupi lenye gia nzito za kupandia na kushukia. Anayeingia vijiji vya ndani vya Magu au Misungwi, ambako udongo mweusi wa mbuga hunata vibaya msimu wa mvua, anahitaji gari jepesi lililoinuka. Yule ambaye safari zake nyingi ni za lami kwenda Shinyanga ajue kwamba gari fupi huyumba kwenye upepo na huchosha safari ikiwa ndefu, pengine halimfai.

Ukishajua njia, aina ya gari huanza kujichagua. Suzuki Jimny ya JB23, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1998, ina chesisi ya kujitegemea (fremu ya chuma iliyo mbali na bodi), ekseli za kipande kimoja mbele na nyuma, gia nzito, na injini ya turbo ya cc 660. Ndugu yake JB43 ina injini ya lita 1.3. Suzuki Escudo fupi za zamani nazo zina gia nzito na ni pana kidogo. Toyota RAV4 fupi ya miaka ya 1990 hupendwa kwa sababu ya jina la Toyota, lakini haina chesisi ya kujitegemea wala gia nzito, na kwa njia za mawe nisingeichagua mbele ya Jimny. Land Cruiser fupi ya mfululizo wa 70 ni imara kuliko zote hizo, ila bei yake na mafuta yake vinahitaji mfuko mzito.

Kabla ya kuzungumza na dalali yeyote, nenda kwa fundi wako na kwenye maduka ya spea ukaulizie diski ya klachi, presha pleti na beringi za magurudumu, vyote vya injini na modeli ileile unayoifikiria. Jibu likiwa kwamba kila kitu kitaagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi, ongeza gharama na siku za kusubiri katika hesabu zako.

Anayeagiza Japani akumbuke kwamba huko mlango wa nyuma nao huhesabiwa, hivyo gari tunaloliita la milango miwili hutangazwa kuwa la milango 3. Kwenye karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari linalouzwa mnadani huko, F5 humaanisha gia tano za mkono, ilhali FA au AT ni otomatiki. Daraja la R au RA huonyesha gari lililogongwa na kutengenezwa. Uliza pia lilitumika mkoa gani, kwa sababu Hokkaido na sehemu nyingine za theluji barabara humwagiwa chumvi, nayo hula chesisi kimyakimya. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo kutu nzito chini ya gari linalouzwa hapa kwa kawaida imetoka huko au pwani. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chesisi isikuridhishe. Gongagonga kwa bisibisi karibu na mashikio ya bushi na usikilize kama chuma kimeliwa.

Gari lililokuwa likivuta mitumbwi mwaloni lina hatari nyingine. Difu (gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ikiwa ya moto na ikizama ghafla majini hupoa na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia, hivyo mwombe fundi afungue nati ya kujazia: oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imekwisha kuingiwa na maji. Kisha mbele iinuliwe kwa jeki, nawe ushike gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi zimechoka, na kwenye Jimny hilo ni chanzo kimojawapo cha usukani kutetemeka vibaya gari likishika kasi. Klachi ipime gari likiwa limesimama, breki ya mkono ikiwa imevutwa: weka gia ya tatu, achia pedali taratibu. Injini nzima yenye klachi nzima huzimika mara moja. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Gia za magurudumu manne zijaribiwe kwenye vumbi au mchanga, kamwe si kwenye lami kavu, kwa sababu pale magurudumu hayapati nafasi ya kuteleza na mzigo wote hubaki kwenye shafti na difu.

Wazee wa nyumbani wajaribu kuingia kiti cha nyuma kabla hujalipa. Namba ya chesisi kwenye kadi halisi ilinganishwe na ile iliyochongwa kwenye chuma, na faini za barabarani zikaguliwe. Mwisho, tenga fedha ya kubadilisha oili ya injini, gia boksi, boksi ya kugawa nguvu na difu zote mbili kabla ya safari ya kwanza kwenda Ukerewe, hata kama muuzaji amekuhakikishia kwamba zilibadilishwa mwezi uliopita.