Jinsi ya kusoma vitabu vya aina nyingi mwaka mzima, vyote kwa Kiswahili

Kila Januari wanachama wapya wa kikundi chetu cha kusoma huniuliza waanze na kitabu gani. Siku hizi siwatajii kitabu. Nawaambia waje na daftari.

Tupo tisa, tunakutana Jumamosi moja kila mwezi hapa Dar es Salaam, na utaratibu huu tumeutumia kwa miaka sita. Lengo ni vitabu 12 kwa mwaka, vyote kwa Kiswahili. Wengi wanaamini kwamba ukitaka kujua maisha ya watu wa mbali lazima uhamie kwenye Kiingereza. Naomba ujaribu kwanza, ndipo uamue.

Hatua ya 1: Hesabu ulivyokwisha kusoma

Andika kila kitabu ulichomaliza kwa miaka miwili iliyopita. Ulivyoachia njiani usivihesabu. Mbele ya kila kimoja chora safu tano: mwandishi ni mwanamke au mwanaume, anatoka wapi, kilitoka mwaka gani, ni riwaya, tamthilia, ushairi, hadithi fupi au wasifu, na kiliandikwa kwanza kwa lugha gani.

Mimi mara ya kwanza nilipata vitabu 14. Kumi na viwili ni vya wanaume, 11 ni riwaya, na karibu zote zinatoka Zanzibar na pwani. Nilikuwa nawapenda Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed, na bado nawapenda. Lakini sauti ya bara nilikuwa siisikii kabisa, na ya wanawake naisikia kwa mbali mno. Tazama safu zako: ile iliyojaa jibu moja kutoka juu hadi chini ndiyo yenye pengo.

Hatua ya 2: Chagua mapengo mawili, basi

Pengo moja kwa miezi sita ya kwanza, jingine kwa miezi sita ya mwisho. Katika kila kipindi soma vitabu vitatu vya pengo na vitatu unavyovipenda tu. Mwaka wetu wa kwanza tulipanga nchi moja kila mwezi, na kufikia Aprili kikundi kizima kilikuwa kimechoka. Tulikuwa tunapita kwa watu bila hata kuketi.

Hatua ya 3: Soma kwa jozi

Hapa ndipo faida kubwa ilipo. Chukua vitabu viwili vinavyogusa jambo moja, vilivyoandikwa na watu wawili tofauti, uvisome mfululizo.

Jozi ninayoipenda kuliko zote inatoka katika kisiwa kimoja, Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, akiwa ameiandika kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji. Baadaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa hichohicho, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971.

Kwa Kitereza utakutana na mume na mke wasiopata mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamrudisha binti yao nyumbani, na Myombekere anakwenda ukweni kumwomba. Anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi, na mwandishi anakuonyesha namna inavyotengenezwa, nani anaitwa kusaidia, nani anabeba. Usiziruke kurasa hizo. Mzee mmoja wa kikundi chetu, aliyekulia kandokando ya ziwa, alitusomea sehemu ile kwa sauti, akawa anasimama kila baada ya aya na kusema, “Hivi ndivyo baba alivyokuwa akifanya.” Tulitumia saa mbili nzima bila kufika mwisho wa sura.

Kisha fungua Rosa Mistika. Ni kisiwa kilekile, lakini sasa kuna baba mkali na mlevi, na binti aliyelelewa kwa vitisho mpaka anapotoka kwenda shule hajui namna ya kuishi na wanaume. Ukitoka kwa Bugonoka moja kwa moja, utajikuta unauliza: kati ya nyumba ile na hii pametokea nini? Swali hilo huwezi kulipata kwa kitabu kimoja.

Kitereza ni kitabu kinene. Kipe wiki nane, kurasa 15 hadi 20 kwa siku, na katika muda huo usijidai kusoma kingine.

Hatua ya 4: Ingia nchi za watu kwa tafsiri

Riwaya maarufu ya Chinua Achebe wa Nigeria, Things Fall Apart, ipo kwa Kiswahili tangu 1973, kwa jina la Shujaa Okonkwo. Shairi refu la Okot p'Bitek wa Uganda, alilolitunga kwanza kwa Kiacholi, lilifasiriwa na Paul Sozigwa, likatoka 1975 kama Wimbo wa Lawino. Mariama Bâ wa Senegal anasomeka katika Barua Ndefu Kama Hii. Na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliletwa nyumbani mwaka uliofuata na Ida Hadjivayanis, aliyefasiri riwaya yake kwa jina la Peponi.

Unaposoma tafsiri, weka ukurasa mmoja wa daftari kwa mambo ya kulinganisha na kwenu. Kwa Okonkwo heshima ya mwanaume inapimwa kwa ghala la viazi vikuu. Kwenu inapimwa kwa nini?

Hatua ya 5: Ushairi usomwe kwa sauti

Anza na Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa akimwusia bintiye. Una beti mia moja na chache, jioni moja inatosha. Kinachowatisha watu ni lahaja ya Kiswahili cha kaskazini, upande wa Lamu, nayo ina funguo chache tu: nti ni nchi, mato ni macho, moya ni moja. Andika maneno hayo kwenye karatasi, uiweke kando ya kitabu. Kila mshororo una mizani nane, yaani silabi nane. Gonga meza kidogo unaposoma na utausikia mwendo wake. Na usome mpaka mwisho. Wengi wanaujua kwa yale mafunzo ya kumtii mume, wakakosa dua ya mama anayejua kwamba anaondoka.

Hatua ya 6: Vipate mapema

Vingi kati ya hivi ni matoleo ya zamani, na havipatikani kwa urahisi madukani. Anza kutafuta miezi miwili kabla. Uliza maktaba ya mkoa, kwa wauza vitabu vya mitumba, na kwa walimu wa Kiswahili waliostaafu. Hao wana makabati ambayo hayajafunguliwa miaka mingi. Mkipata nakala moja, pokezaneni kwa tarehe. Sisi tunaandika nyuma ya daftari jina la aliyekichukua, siku aliyokichukua na siku ya kukirudisha, na tangu tuanze kufanya hivyo hatujapoteza kitabu hata kimoja.